Wolpepa ya nyumba ya mwanasesere inabanduka na wino unatambaa: kosa liko wapi?

KibandaChaMbweni

Assalaam aleikum waungwana.

Nyumba ni ya vyumba vitatu, kipimo 1:12. Kuta za pembeni ni plaiwudi ya mm 6, mgongo ni MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa) ya mm 3, vyote vimeshikwa kwa misumari midogo. Kila chumba kina upana wa sm 30, kina cha sm 25 na kimo cha sm 22.5. Sura ninayoitaka ni ya kisasa: ukuta mmoja wenye nakshi, iliyobaki mitupu. Sitaki yale maua madogo madogo ya nyumba za Kizungu za zamani.

Karatasi niliyotumia ni A4 ya kawaida, gramu 80, imechapwa kwa printa ya wino ya nyumbani. Gundi ni ile nyeupe ya mbao, imepakwa moja kwa moja ukutani. Matokeo yake:

1. Wino mwekundu na wa buluu umetambaa.
2. Malengelenge katikati ya ukuta wa nyuma.
3. Kona zimebanduka kabla ya wiki mbili, na masika ndiyo kwanza yanaanza.
4. Ukuta wa kushoto umetoka nukta nukta za kahawia.

Naomba kujua karatasi ipi, gundi ipi, na nakshi hupimwaje ili ukuta usiwe kama bango la dukani. Na kama kanga inafaa kuwa wolpepa, nielezeni.

---

SeremalaWete

Waaleikum salaam. Gundi inasingiziwa tu hapo. Namba 2 na 4 ni makosa ya ubao, kwa hiyo naanza na hayo. Ya karatasi watakuja wenyewe.

Nukta za kahawia ni kutu ya misumari. Gundi nyeupe karibu nusu yake ni maji, na hewa yetu ina chumvi. Ukipaka juu ya kichwa cha msumari wa chuma, kutu inapita kwenye karatasi kama chai kwenye kitambaa. Zamisha kila kichwa mm 1 kwa ncha ya msumari mwingine, kiguse kwa rangi ya mafuta, kiache siku nzima, ndipo uzibe shimo kwa jipsamu na upige msasa. Usianze na jipsamu, kwa sababu yenyewe pia inakorogwa na maji na utakuwa umeifungia kutu ndani. Nyumba ijayo tumia misumari ya shaba, au gundi na vibanio bila msumari wowote.

Malengelenge yanatokana na ubao mkavu kunywa maji ya gundi kwa kasi tofauti. Pale uliponywa haraka gundi imekauka kabla karatasi haijashika, na pale uliponywa polepole karatasi imevimba na kuinuka. Dawa ni kuushibisha ubao kwanza:

Msasa namba 120, kisha 220. Futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Paka rangi nyeupe ya maji mikono miwili. Mkono wa kwanza uchanganye na maji, sehemu moja ya maji kwa tano za rangi. Subiri saa nne kati ya mkono na mkono, kisha uache kesha. Kingo za MDF zinakunywa kama sponji, zipe mkono wa tatu.

MDF ya mm 3 ipake pande zote mbili, hata upande usioonekana. Ukiulowesha upande mmoja peke yake ubao unapinda, na ukishapinda hakuna wolpepa itakayolala juu yake.

Namna ya kupima: dondosha tone moja la maji ukutani. Likikaa dakika nzima bila ubao kugeuka rangi chini yake, ukuta uko tayari.

Ya zamani ibandue hivi: kitambaa kilicholowa maji ya moto kikae dakika kumi juu ya karatasi, kisha kwangua kwa kadi ya benki iliyokwisha muda. Usitumie kisu, kitachimba MDF.

---

MpigaChapa_Mkunazini

Naongezea ya karatasi na wino.

Wino wa printa nyingi za nyumbani ni rangi iliyoyeyushwa kwenye maji. Ukiupaka gundi ya maji unaurudisha ulikotoka, ndiyo maana umetambaa. Peleka faili steshenari wakuchapie kwa mashine ya leza, hizi hizi za fotokopi. Wino wake ni unga wa plastiki unaoyeyushwa kwa moto juu ya karatasi, na maji hayaufanyi kitu. Ubaya wake ni kwamba ukiukunja unapasuka na mstari mweupe unaonekana, kwa hiyo usiukunje kwenye pembe inayotokeza nje. Kwenye kona ya ndani mpasuko hauonekani sana, na ukionekana penseli ya rangi inauficha.

Kama lazima utumie printa ya nyumbani, acha karatasi ikauke siku nzima kisha ipulizie vanishi isiyong'aa, mikono miwili myepesi, mkebe ukiwa sm 25 hadi 30 kutoka kwenye karatasi. Usipulizie asubuhi na mapema wala siku ya mvua. Kimiminika cha vanishi kikiruka kinapoza karatasi, unyevu wa hewa unatua juu yake, na vanishi inageuka ukungu mweupe usiofutika. Saa saba au saa nane mchana, jua likiwa kali na wewe kivulini, ndiyo wakati wake.

Uzito wa karatasi uwe gramu 100 hadi 120. Ya 80 inaonyesha kila kilicho chini yake na inakunjamana ikilowa. Ya 160 kwenda juu inakataa kona: unaibana jioni, asubuhi unaikuta imejinyoosha.

Sasa kipimo, na hapa ndipo watu wengi wanapoharibu. 1:12 maana yake kila kitu cha kweli unakigawa kwa 12. Chumba chako cha sm 22.5 ni chumba cha mita 2.7. Roli ya kawaida ya wolpepa ya Ulaya ina upana wa sm 53, kwako hiyo ni sm 4.4. Basi nakshi yako ijirudie kila sm 4.4, au nusu yake, sm 2.2, na jicho litakubali kwamba ule ni ukuta.

Kwa kanga hesabu ni hiyo hiyo. Korosho ya kanga yenye urefu wa sm 15, ukiiskani na kuichapa ilivyo, mwanasesere wako anasimama mbele ya korosho ya mita 1.8. Lile ndilo bango lako. Ipunguze ifike sm 1.2 hivi. Kanga yenyewe, kitambaa, usiibandike: hata kikiwa na unene wa mm 0.3 tu, kwa kipimo chako huo ni ukuta uliovishwa zulia la karibu mm 4, na gundi itatokeza kwenye nyuzi.

Kupata nakshi: pasi kanga, itandaze sakafuni kivulini, simu iwe juu yake sawasawa, si kwa mshazari. Kata kipande kimoja kinachojirudia, kinyooshe, kisha kijaze ukurasa. Kwa nyumba ya kisasa mimi ningeacha pindo na jina, nichukue kipande kimoja cha mji, yaani sehemu ya katikati, na kukichapa kwa rangi mbili tu, kwa mfano kijivu juu ya maziwa. Mkeka pia unafaa sana. Ile mishazari ya ukili ukiipunguza inakuwa nakshi ya kisasa kuliko nyingi zinazopakuliwa mtandaoni.

Rangi zipunguze ukali kama robo hivi. Ndani ya kisanduku kidogo rangi hujirudishia mwanga zenyewe na kuonekana kali kuliko kwenye skrini.

Faili iwe na nukta 300 kwa inchi. Kwa kimo cha sm 22.5 hizo ni pikseli 2657. Pembeni mwa ukurasa chora mstari wa sm 10 kamili. Ukipewa karatasi, pima mstari kwa rula kabla hujalipa. Ukisoma 9.7, mashine imepunguza picha itoshe ukurasa, na nakshi ya ukuta mmoja haitakutana na ya ukuta wa pili. Waambie wachape asilimia 100.

Ukubwa ni A3 ikiwa imelazwa. Ukuta wa nyuma unaingia shiti moja, kila wa pembeni shiti moja, jumla tatu kwa chumba kama zote zina nakshi. A4 haikutoshi: ikilazwa kimo chake ni sm 21, ikisimamishwa upana ni sm 21. Ukilazimika, isimamishe, ukate vipande vya sm 17.6, yaani marudio manne ya sm 4.4, na kiungo kiangukie kwenye mstari wa marudio. Ukuta wa kweli nao una viungo, hapo huibi kitu.

---

Vijumba_na_Manila

Yote sawa, ila mimi sikubali kitu kimoja: kubandika karatasi ukutani moja kwa moja. Visiwani hapa kuna masika, kuna vuli, na plaiwudi inavimba na kusinyaa pamoja nayo. Karatasi ina mwendo wake, ubao una mwendo wake, na kona ndipo vinapogombana. Namba 3 yako ni hiyo. Hata ukuta ukiwa umepakwa rangi vizuri, mwakani utabandua tena.

Bandika wolpepa kwenye manila, kisha manila ndiyo iingie chumbani. Shiti moja kubwa inatosha chumba chote.

Kata kwanza gazeti ujaribie chumbani, kwa sababu hakuna chumba chenye pembe sawa kamili, hasa kilichopigwa misumari. Gazeti likikaa, hamishia vipimo kwenye manila: nyuma sm 29.8, pembeni sm 24.9, kimo sm 22.3. Hiyo milimita iliyobaki kila upande ni nafasi ya kuvimbia. Usiione kama upungufu ukaijaza.

Karatasi ya ukuta wa nyuma ikate iwe pana kuliko manila yake kwa mm 5 kila upande. Hayo ni masikio. Yanakunjwa kuelekea pembeni na paneli za pembeni zinakuja juu yake, hivyo kona hata ikiachia nafasi ya nusu milimita kinachoonekana ni nakshi, si ubao. Kunja kwa kupitisha kijiti kikavu kwenye rula ya chuma kwanza, upate mfereji.

Gundi ipake kwenye manila, si kwenye karatasi. Gundi nyeupe vijiko vitatu, maji kijiko kimoja, brashi pana au kipande cha sponji, tabaka jembamba ambalo ukiligusa linanata lakini halikuachii tone kidoleni. Laza karatasi kuanzia katikati, viringisha chupa juu yake kwenda pembeni. Karatasi ikilowa inapanuka upande mmoja zaidi ya mwingine, mm 2 au 3 kwa sm 30, kwa hiyo zikate zote kwa mwelekeo mmoja, zisije zikapanuka moja kwa urefu na nyingine kwa upana. Kuujua mwelekeo ni rahisi: lowesha upande mmoja wa kipande cha mraba, kitajiviringa kama mkeka, na urefu wa ule mviringo ndio mwelekeo wa nyuzi.

Mgongoni mwa manila bandika karatasi tupu ya gramu 80 kwa gundi ile ile. Usiruke hatua hii. Bila hiyo paneli inajikunja kama chapati kwenye tawa, kwa kuwa upande mmoja tu umevutwa. Kisha iweke kati ya mifuko ya plastiki, juu yake vitabu vizito, saa 24. Ukiitoa baada ya saa tatu kwa pupa, itapinda mbele ya macho yako.

Kuiingiza: ya nyuma kwanza, pembeni baadaye. Vipande viwili vya selotepu ya pande mbili juu, basi. Chini inashikwa na ubao wa ukingoni, ule mwembamba unaopita chini ya ukuta juu ya sakafu. Vijiti vya aiskrimu vikipunguzwa hadi upana wa mm 8 ni ubao wa ukingoni wa sm 10 kwa nyumba ya kweli, na kwenye nyumba ya kisasa vipake rangi ya ukuta wenyewe, si nyeupe. Kingo za mbele za paneli zinaonyesha weupe wa manila. Zipitishie penseli ya rangi kabla ya kuingiza.

Dari ipakwe rangi kabla ya yote haya. Sakafu iingie baada ya kuta, na ubao wa ukingoni mwisho.

---

SeremalaWete

Manila nimeikubali kwa vyumba vilivyo wazi mbele. Ila asiache kushibisha ubao kwa sababu hiyo. Plaiwudi tupu inatoa rangi ya manjano kadiri miaka inavyokwenda, na itapita hata kwenye manila.

---

Mtambile_Karafuu

Kwani gundi ya unga imekosa nini? Karatasi inateleza juu yake, unaipeleka kushoto kulia mpaka nakshi zikutane, jambo ambalo gundi nyeupe haikuruhusu baada ya dakika moja. Na ukitaka kubandua baadaye, maji tu.

Unga wa ngano vijiko vikubwa viwili, maji kikombe kimoja. Koroga unga na robo ya maji yakiwa baridi mpaka mabuje yaishe, mimina kwenye robo tatu zilizobaki zikiwa zinachemka, punguza moto, koroga dakika tano mpaka iache weupe wa uji na iwe kama kioo chenye ukungu. Chuja kwa chujio la chai. Ikipoa tia mafuta ya karafuu matone matatu au manne.

Mafuta ya karafuu si manukato hapo. Yanazuia ukungu, na watengeneza vitabu wanayatia kwenye gundi yao kwa kazi hiyo hiyo. Usizidishe: yakiwa mengi yanaacha doa la mafuta kwenye karatasi, na yakigusa plastiki ngumu za madirisha yanazilainisha na kuzitia ukungu. Ngozi nayo yanaiwasha yakiwa hayajachanganywa. Gundi ikae kwenye friji, na isizidi siku tatu.

---

Vijumba_na_Manila

Bi au bwana wa Mtambile, karafuu inafukuza ukungu, mende je? Unga ni chakula. Nyumba ikikaa kabatini miezi sita wakati wa mvua, mende na wadudu wa vitabu wataikwangua karatasi ili waufikie unga. Gundi ya unga kwa nyumba inayochezewa kila siku na kupata hewa, sawa. Kwa ya kuwekwa rafuni, gundi nyeupe.

---

Mtambile_Karafuu

Kwa mende sina jibu. Changanya basi: nusu unga, nusu gundi nyeupe. Bado inateleza kidogo, na inashika zaidi. Ila ukishachanganya haibanduki tena kwa maji baridi, utahitaji kile kitambaa cha maji ya moto cha seremala.

---

KibandaChaMbweni

Ahsanteni sana. Naenda na manila, gundi nyeupe, leza, nakshi ya ukili ukuta wa nyuma tu. Mawili yamebaki: ukuta wa kushoto una dirisha la sm 10 kwa 12, na nataka taa ndogo za LED darini, waya ushuke nyuma ya ukuta. Nikate dirisha kabla au baada ya kubandika? Na waya hautaonekana kama mshipa?

---

Vijumba_na_Manila

Dirisha: manila ikate tundu kabla. Iingize chumbani bila gundi, ishike, na mtu apitishe penseli kutoka nje akifuata kingo za dirisha. Kata kwenye mstari wenyewe. Karatasi ibandike nzima juu ya tundu, vitabu saa 24, ikikauka kabisa ndipo ukate msalaba kutoka pembe hadi pembe kwa wembe mpya. Zinabaki pembetatu nne. Zipunguze zibaki mm 6 na uzikunje ndani ya unene wa ukuta, ule wa mm 6 wa plaiwudi yako. Hapo karatasi inaingia kwenye dirisha kama kwenye nyumba ya kweli, na fremu inafunika mwisho wake. Ukikata ikiwa mbichi wembe hautaikata, utaiburura.

Umechapa kwa leza, kwa hiyo ukunjo wa dirisha utapasuka wino maana ni pembe ya kutokeza. Kama ukuta huo ni mtupu kama ulivyosema, usichape kabisa: nunua karatasi yenye rangi yake toka kiwandani, rangi imo mpaka ndani na haipasuki.

---

SeremalaWete

Waya ndiyo faida kubwa ya manila, nakiri. Kwenye ukuta wa moja kwa moja ungechimba mfereji wa mm 2, uulaze waya, uzibe, upige msasa, na waya ukikatika ubomoe vyote. Kwako chimba mfereji bila kuziba, laza waya, paneli inaufunika. Usiupitishe juu ya ubao bila mfereji. Waya wa mm 1 chini ya manila unaonekana kama mshipa, hasa taa ikiwa darini kwa sababu mwanga unashuka ukutani kwa mshazari na kuonyesha kila kinundu.

Washa taa zote kwa saa moja kabla ya kufunga paneli. Na kama nyumba ni ya mtoto mdogo, usitumie betri za vidonge, zile ndogo bapa kama sarafu: mtoto akimeza moja inaunguza koo kwa saa chache tu. Kisanduku cha betri za kawaida kiwe nyuma ya mgongo, kifuniko kwa skrubu.

---

MpigaChapa_Mkunazini

Na taa zako zikiwa nyeupe zinazoelekea buluu, nakshi ya kijivu juu ya maziwa itaonekana ya hospitali. Chukua LED nyeupe zinazoelekea manjano, au chapa vipande vitatu vya sm 5, cha kijivu, cha udongo na cha mchanga, uviweke ndani ya chumba taa zikiwaka usiku, uchague hapo. Shiti moja ya A4 inatosha majaribio yote.